Seva umenunua, tiketi za kuingilia je?

Na Mwandishi Wetu

WIKI hii ukurasa huu unaliacha kidogo gunia la mahindi na kilo ya maharage. Tunaangalia bidhaa isiyopimwa kwa mizani wala kujaza ghala, lakini inayowatoa wafanyabiashara fedha nyingi, na wengi wao hawajui kwa hakika wamenunua nini. Bidhaa hiyo ni leseni ya programu, na hasa leseni ya kuingia kwenye seva kutoka mbali.

Sababu ya kulileta jambo hili ni tukio nililolishuhudia kwa macho. Jamaa yangu mmoja anauza vipuri vya magari kwa jumla. Duka kubwa liko Kariakoo, Dar es Salaam, na matawi mawili yako Mwanza na Mbeya. Alichoka kuletewa hesabu za matawi kwa karatasi na simu, akanunua seva moja, ikafungwa Kariakoo, ndani yake ikawekwa programu ya hesabu na ya stoo. Kuanzia siku hiyo karani wa Mbeya akiuza beringi, bosi anaiona Dar es Salaam palepale. Kila mfanyakazi hufungua dirisha kwenye kompyuta yake, huandika jina na neno la siri, na kazi yote hufanyika ndani ya seva. Kompyuta ya mezani inabaki kuwa kioo tu.

Miezi minne mambo yakaenda vizuri. Asubuhi ya tarehe 15 karani wa Mwanza akapiga simu kwamba amekataliwa kuingia. Akafuatia wa Mbeya. Haikupita nusu saa, kaunta za Kariakoo nazo zikakataliwa. Ujumbe kwenye kioo ulisema hakuna seva ya leseni inayoweza kutoa leseni. Ritani ya VAT hapa Tanzania inatakiwa iwe imewasilishwa ifikapo tarehe 20, na vitabu vyote vilikuwa ndani ya mashine isiyofunguka.

Fundi aliyefunga mtambo alipopigiwa simu alijibu, "Bosi, leseni zote zimo, angalia ankara." Kweli, kwenye ankara ulikuwepo mstari unaosema CAL, idadi 5. Kasheshe yote ilikuwa kwenye mstari huo mmoja.

Tiketi ya geti na tiketi ya jukwaa

Anayenunua Windows Server ya Microsoft hanunui haki ya kila mtu kuitumia. Ananunua uwanja. Watu wanaoingia uwanjani wanatakiwa tiketi, na tiketi hiyo ndiyo huitwa CAL. Kwa tiketi ya kawaida mtumishi anaruhusiwa kuchukua mafaili kwenye seva, kuchapa kupitia printa yake na mambo ya aina hiyo. Lakini akitaka kufungua dirisha na kufanya kazi ndani ya seva yenyewe, kama walivyofanya makarani wa jamaa yangu, anatakiwa tiketi ya pili juu ya ile ya kwanza. Hiyo huitwa RDS CAL. Moja haiondoi nyingine. Zote mbili zinahitajika kwa pamoja.

Zile tano kwenye ankara zilikuwa za geti. Za jukwaani hakukuwa hata moja.

Msomaji atauliza, kama hakukuwa na hata moja, watu walifanyaje kazi miezi minne? Jibu ni kwamba mtengenezaji ametoa muda wa hisani wa siku 120 ili mwenye seva apate nafasi ya kununua leseni na kuziandikisha kwenye mtambo. Ndani ya siku hizo seva haiulizi. Siku ya 121 inauliza, na asiye na leseni anabaki nje. Muda huu uliwekwa kwa nia njema, lakini kwa biashara nyingi umekuwa mtego, maana fundi hukabidhi kazi siku ya tano, hulipwa siku ya kumi, na tatizo hutokea wakati hata namba yake ya simu imebadilika.

Jambo la pili linalowachanganya mafundi ni kwamba Windows Server inaruhusu watu wawili kuingia kutoka mbali bila RDS CAL. Ruhusa hiyo ni kwa ajili ya kuitunza seva peke yake, kama kuweka masasisho, kuangalia diski au kufungua akaunti ya mfanyakazi mpya. Kuuza bidhaa, kuandika ankara au kupiga hesabu hakumo. Wapo wanaowapa makarani wawili nguvu za msimamizi wa mtambo ili wapite kwenye mlango huo. Mbali na kuvunja mkataba, mwenye duka anakuwa amempa karani funguo za nyumba nzima, pamoja na uwezo wa kufuta kumbukumbu za mauzo. Sijui kwa nini mtu anayehesabu senti ya mwisho kwenye droo ya fedha akubali jambo hilo.

Mafundi wa zamani wana udhuru kidogo. Enzi za Windows 2000 Server, kompyuta ya mezani yenye Windows 2000 Professional ilikuwa na haki ya kuingia namna hii bila malipo ya ziada. Windows Server 2003 ilipotoka Aprili 2003, fadhila hiyo ikakoma, na ndipo pia ilipoanza leseni ya kuhesabu mtu badala ya kifaa. Yupo fundi aliyejifunza kazi kabla ya hapo na hakurudi tena kusoma.

Biashara hii ilivyoanza

Kwa wasomaji wetu wa hisa, historia ya tiketi hizi ina funzo lake. Wazo la kuifanya Windows iingiwe na watu wengi kwa wakati mmoja halikutoka Microsoft. Lilifanyiwa kazi na kampuni ya Citrix ya Florida, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Ed Iacobucci, aliyekuwa mtumishi wa IBM. Mwaka 1995 Citrix ilitoa WinFrame, iliyojengwa juu ya Windows NT kwa ruhusa ya Microsoft. Yaani duka lake lilikuwa kwenye kibaraza cha mtu mwingine.

Mapema mwaka 1997 mwenye nyumba akasema anafikiria kufungua duka lake mwenyewe. Hisa za Citrix ziliporomoka kwa zaidi ya nusu. Mazungumzo yakafuata, na Mei 1997 pande mbili zikatangaza makubaliano: Microsoft ililipa dola milioni 75 mwanzoni, na malipo mengine yaliyoweza kufikisha jumla ya dola milioni 175, ipate kuutumia ufundi huo. Mwaka 1998 ikatoka Windows NT Server 4.0, Terminal Server Edition. Jina la Terminal Services liliendelea hadi mwaka 2009, lilipobadilishwa kuwa Remote Desktop Services pamoja na Windows Server 2008 R2. Citrix yenyewe iliishi kwa kuuza nyongeza juu ya kazi hiyohiyo, hadi Septemba 2022 ilipotolewa kwenye soko la hisa kwa ununuzi wa dola bilioni 16.5. Aliyekimbia mwaka 1997 kwa hofu alikosa mengi.

Mtu au kifaa?

Hapa ndipo fedha inapookolewa au kupotea. RDS CAL huuzwa kwa namna mbili, kwa mtu au kwa kifaa. Ya mtu inamfuata mtumishi popote: kompyuta ya dukani, ya nyumbani, hata simu yake ya mkononi. Ya kifaa inakaa na kompyuta, na yeyote anayeikalia anaruhusiwa. Kwa kawaida ya mtu huwa ghali kidogo.

Kosa kubwa, na nimelisikia hata kwa wahasibu waliosoma, ni kudhani kwamba leseni zinahesabiwa kwa idadi ya watu walio ndani kwa wakati mmoja. Jamaa yangu alisema, "Mimi wanaoingia kwa pamoja hawazidi watano, nipeni tano." Haiendi hivyo. Kinachohesabiwa ni watu wote wanaotumia, au vifaa vyote vinavyotumika, hata kama kimoja kinaingia mara moja kwa wiki. Wala hesabu haipungui kwa kuweka programu ya katikati inayokusanya watu kumi na kuwaonyesha seva kama mmoja. Mkataba unamwangalia aliyeko mwisho wa waya.

Tuchukue ghala lenye kompyuta 6 na zamu tatu, kila zamu watu 6. Hapo kuna watu 18 lakini vifaa 6. Leseni za vifaa 6 zinatosha, na anayemuuzia mwenye ghala leseni 18 anamuibia, kwa kujua au kwa kutojua. Hesabu ya duka la vipuri ilikuwa tofauti. Wafanyakazi wanaotumia mtambo ni 14. Kompyuta za kaunta na ofisi ni 9. Kwa haraka mtu angesema vifaa 9 ni pungufu, tununue vya vifaa. Lakini bosi mwenyewe anaingia kwa kompyuta ya mkononi, simu na tableti, ambavyo ni vifaa 3; na maafisa mauzo wawili kila mmoja ana simu na kompyuta ya mkononi, ambavyo ni vifaa 4. Jumla vinakuwa 16. Watu 14 ni pungufu, na idadi ya watu haibadiliki kila kijana anaponunua simu mpya.

Mtu atapenda kuchanganya, vya kaunta kwa vifaa na vya maafisa kwa watu. Mkataba haukatazi kumiliki aina zote mbili, lakini seva ya kuingilia hupangwa kwa aina moja tu ya kuhesabu. Mwenye seva moja achague moja.

Kuna tofauti nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Leseni za vifaa zinalindwa na mtambo: kifaa kigeni hupewa kwanza kibali cha muda cha siku 90, na leseni zikiisha stoo, hakuna cha ziada. Leseni za watu mtambo unazihesabu lakini hauwazuii waliozidi. Mwenye leseni 14 anaweza kuingiza watu 20 na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Deni hilo linajulikana siku ya ukaguzi. Aidha, leseni za watu zinataka seva iwe ndani ya mfumo wa Active Directory, ambao unaweka orodha ya wafanyakazi. Kwenye Windows Server 2019 na zilizofuata, aliyezifunga bila mfumo huo hukuta watu wake wanatolewa nje kila baada ya dakika 60. Mafundi wengi wamepoteza siku nzima wakilaumu waya wa intaneti.

Mengine yaliyomo kwenye ankara

Seva yenyewe, tangu toleo la 2016, hulipiwa kwa hesabu ya viini vya prosesa. Kiwango cha chini ni viini 16 kwa kila mashine, hata kama mashine yako ni ndogo na ina viini 4. Hakuna punguzo la udogo.

Toleo la RDS CAL liwe sawa na la seva au jipya zaidi. Leseni ya 2022 inaingia kwenye seva ya 2019, lakini ya 2019 haiingii kwenye seva ya 2022. Kwa hiyo anayepewa bei nzuri ya leseni za toleo la nyuma auliwaze swali la seva atakayonunua mwaka kesho. Windows Server 2012 R2 ilimaliza msaada wa kawaida wa mtengenezaji Oktoba 2023. Ya 2016 inafikia mwisho Januari 2027, na ya 2019 Januari 2029.

Halafu kuna Office. Nakala ya Word na Excel iliyokuja na kompyuta, au ya boksi la dukani, hairuhusiwi kuwekwa kwenye seva ya kuingiwa na watu wengi. Inatakiwa ya leseni za jumla, au Microsoft 365 ya daraja linaloruhusu kompyuta ya kushirikiana, kama Business Premium. Programu ya hesabu nayo ina mkataba wake. Tally, kwa mfano, inayopendwa na wafanyabiashara wengi wa ukanda huu, inauza daraja la Silver kwa mtumiaji mmoja na la Gold kwa watumiaji wengi. Kuwa na tiketi zote za Microsoft hakukupi haki kwa mwingine.

Na wale wanaoshauriwa kwamba seva ni gharama, ichukuliwe Windows 11 Pro ya kawaida kisha "ifunguliwe" iingiwe na watu watano: Windows hiyo inaruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Vile viprogramu vya kuifungua vinavunja mkataba, na kila sasisho la Windows linaweza kuviharibu katikati ya kazi.

Leseni za bei ya kutupa

Kwenye mtandao zinauzwa RDS CAL kwa bei isiyofika hata sehemu ndogo ya bei ya wakala. Wauzaji wengi wa Ulaya hujitetea kwa hukumu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya ya Julai 3, 2012, katika kesi ya kampuni ya Kijerumani ya UsedSoft dhidi ya Oracle. Kweli mahakama ilisema mwenye nakala aliyoilipia kwa matumizi yasiyo na kikomo anaweza kuiuza tena, na mtengenezaji hawezi kumzuia. Lakini wauzaji hao husoma nusu ya hukumu. Mahakama hiyohiyo ilisema muuzaji wa kwanza lazima aache kabisa kuitumia nakala yake, na kwamba aliyenunua furushi la watumiaji wengi hawezi kukata kipande cha leseni zilizomzidi akakiuza. Tena hukumu hiyo ni ya Umoja wa Ulaya. Haimfuati mnunuzi mpaka Kariakoo wala Mtaa wa Luthuli, Nairobi.

Anayeletewa namba ndefu ya herufi 25 kwa ujumbe wa simu, bila ankara yenye jina la kampuni yake na bila mkataba wa leseni, amenunua namba. Inaweza ikakubali leo, na ikawa imeuzwa kwa watu arobaini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya 1999, inalinda programu za kompyuta, na Kenya inazo kinga hizo katika sheria yake ya 2001, Uganda katika ya 2006. Mwenye kushitakiwa hatakuwa muuzaji wa mtandaoni asiyejulikana sura.

Kupanga badala ya kununua

Wapo watakaoona heri kupanga. Kampuni inayokodisha seva kwa wengine inatakiwa iwe na mkataba wa watoa huduma, SPLA, na leseni za watumiaji hulipwa kila mwezi ndani ya kodi. Muulize mwenye kukukodishia swali hilo moja kwa moja, maana wako wanaokodisha kwa leseni za kawaida walizonunua wao, jambo ambalo haliruhusiwi. Microsoft yenyewe inakodisha Azure Virtual Desktop tangu mwaka 2019, na hiyo inayo Windows 11 ya kuingiwa na watu wengi, ambayo hutaipata kwa ajili ya seva ya kawaida ya dukani. Vituo vyake vya karibu vilifunguliwa Afrika Kusini mwaka huohuo wa 2019.

Karibu si mlangoni, lakini. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mwenye seva Kariakoo aliendelea kuuza kaunta za Kariakoo. Mwenye seva ng'ambo alitazama kioo. Bei nayo ikifuata dola, mwenye duka anabeba kila mwezi hatari ya shilingi kushuka, wakati leseni ya kununua huumia mara moja.

Njia ya tatu ni Linux, yenye programu za bure kama xrdp na X2Go, ambazo hazitaki CAL ya aina yoyote. Tatizo ni kwamba programu nyingi za hesabu zinazotumika hapa zimetengenezwa kwa Windows. Asiye na kifungo hicho aitazame njia hii kwa makini kabla ya kutoa hundi.

Yote hayo, mlango wa 3389 usiachwe wazi kwenye intaneti. Ndio mlango wa kawaida wa kuingia kutoka mbali, na wezi wanaofunga mafaili na kudai fidia wanaujua kuliko fundi wako. Mei 2019 liligundulika tundu lililoitwa BlueKeep, zito kiasi kwamba Microsoft ilitoa dawa hata kwa Windows XP, iliyokuwa imekwishaachwa miaka mitano nyuma. Njia ya VPN mbele ya seva haina gharama ya kulingana na hasara hiyo.

Kuhusu jamaa yangu: mtu aliyekaa mbele ya seva yenyewe, kwenye kibodi yake, hahesabiwi kuwa anaingia kutoka mbali. Mhasibu akapelekewa kiti kwenye chumba cha stoo, akakaa katikati ya maboksi ya filta, akaendelea na vitabu huku matawi yakiandika risiti kwa mkono na kuzisoma kwa simu. Wakala alitoa bei ya RDS CAL 14 za watu na CAL 9 za kawaida kuongeza zile 5. Leseni zikafika tarehe 18, kwa jina la kampuni, zikaandikishwa jioni ile. Ritani ikawasilishwa tarehe 19 mchana. Risiti za mkono za Mwanza zilichukua wiki mbili zaidi kuingizwa, na stoo ya Mbeya mpaka tunakwenda mitamboni ilikuwa bado na tofauti ya beringi tatu.